Gitaa la Mtu Aliye Hai

Picha ya gitaa lile niliiona kwenye simu siku ya Jumanne, saa ya mapumziko, nikiwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya wodi nakula mhogo wa kuchemsha. Mtu alikuwa ameituma kwenye kundi letu la wapiga vyombo wa kwaya, kundi ambalo siku nyingi halina kitu zaidi ya salamu za asubuhi na matangazo ya matamasha. Gitaa lilikuwa limelazwa juu ya godoro lisilo na shuka. Katikati lilikuwa la rangi ya asali, likikolea kuelekea kingoni hadi kuwa karibu jeusi, na kifuani lilikuwa na matundu mawili marefu yaliyopinda kama ya fidla. Chini ya picha waliandika: lipo Uyole, linauzwa, piga namba hii.

Niliacha kula.

Mimi ni muuguzi. Naishi Ilula, pale barabara kuu inapopita katikati ya meza za nyanya na vitunguu, na tangu nikiwa na miaka kumi na sita napiga gitaa katika kwaya ya usharika wetu wa Kilutheri. Watu wa kwetu wamenizoea, lakini wageni bado hugeuka kwenye viti kuhakikisha kama kweli ni mwanamke anayepiga. Gitaa nililokuwa nalo lilikuwa jembamba, la ubao mzito, na umeme ukikatika lilikuwa ubao tu. Hili la kwenye picha lilikuwa la aina nyingine. Ni gitaa la umeme, lakini tumbo lake ni wazi ndani kama kinanda cha zamani, kwa hiyo lina sauti yake lenyewe hata bila waya. Ni yale magitaa yaliyokuwa yakisikika kwenye bendi za dansi za utotoni mwangu, sauti ya mviringo, isiyochoma sikio. Nilikuwa nimeyaona kwa macho mara mbili tu maishani, na mara zote mbili yalikuwa mikononi mwa wanaume ambao wasingeniruhusu hata kuyashika.

Nilipiga simu palepale. Alipokea mwanamke, na kwa sauti yake nilijua amenizidi umri.

"Shikamoo, mama. Nimeona tangazo la gitaa."

"Marahaba. Lipo. Ni mumeo atakayelipiga?"

"Hapana mama, napiga mwenyewe. Niko kwaya, huku Ilula."

"Haya. Lilikuwa la baba watoto wangu. Sasa halipigwi."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Alisema "lilikuwa", nami nikalichukua neno hilo nikaliweka mahali nilipopataka. Nilimwona mjane, nikaona na gitaa limekaa kwenye kona ya nyumba iliyofiwa, likisubiri mtu wa kulitoa vumbi. Sikuuliza zaidi. Mume wangu, ambaye ni fundi pikipiki na hana habari na muziki zaidi ya ule wa kwenye redio ya karakana, aliniuliza jioni kama ninawajua hao watu. Nilimwambia ni mama mmoja mjane. Nilisema hivyo kana kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeniambia.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nilipanda basi la alfajiri Iringa mjini, na mkobani nilikuwa na spika ndogo ya betri na waya, ili nisiuziwe kitu kilichokufa. Uyole nilifika saa nane kasoro. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya maduka, na malori yaliyosimama kando ya barabara yalikuwa yamewasha taa mchana ule. Yule mama aliniambia nimkute sokoni, upande wa viazi. Nilimkuta amekaa nyuma ya madebe manne ya viazi mviringo, amevaa sweta la kiume juu ya kitenge. Alikuwa mwanamke mfupi, amevuka sitini kidogo, mwenye mikono yenye nguvu kuliko yangu. Aliniangalia vidole kabla ya kuniangalia uso.

"Kweli unapiga," alisema. Alikuwa ameziona sugu.

Alimwachia jirani meza yake, tukatembea kama dakika kumi. Nyumba yao ilikuwa ya matofali ya kuchoma, safi, na makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma. Alilitoa gitaa kwenye kasha lake jeusi akalilaza mapajani mwangu haraka, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyejikojolea.

Nyuzi zilikuwa na kutu. Nililiinua usawa wa jicho nikaangalia shingo, ilikuwa imenyooka. Vyuma vya shingoni vilikuwa vimelika sana sehemu za juu, na nyuma ya shingo rangi ilikuwa imetoka kabisa pale dole gumba linapokaa. Mtu alikuwa amelipiga gitaa hili miaka mingi, tena sana. Nilichomeka waya, kitufe cha sauti kikakwaruza kidogo, kisha kikanyamaza. Nikapiga wimbo mmoja wa polepole wa kwaya. Halafu, kwa sababu nilikuwa mbali na nyumbani na mama yule alikuwa akiangalia dirishani, niliingia kwenye mdundo wa dansi ambao kanisani siruhusiwi kuupiga.

Sauti ile sijui niielezeje. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni.

Hapo ndipo kitu kikasikika kutoka chumba cha ndani. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaribu kuita akiwa na maji mdomoni.

Niliacha kupiga. "Mama, una mgonjwa?"

"Ni mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mwenye gitaa," alisema, bila kugeuka kutoka dirishani.

Nililiweka gitaa kochini. Nakumbuka nililiweka taratibu sana, kana kwamba kulivunja sasa kungekuwa kosa la pili. Nikamwuliza kama naweza kumwona. Alinyanyua mabega, akafungua pazia.

Alikuwa mzee mrefu, amelala ubavu kwenye kitanda cha futi nne, amefunikwa blanketi mpaka kiunoni. Nilihitaji sekunde chache tu kuona. Kiharusi, upande wa kulia, mkono umekunjika juu ya kifua, mdomo umevutwa. Mama aliniambia ni mwezi wa kumi sasa tangu augue. Alianguka akiwa anafundisha vijana wa kanisa kupiga vyombo. Maneno yalipotea siku hiyohiyo na hayajarudi. Lakini macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyemo ndani. Wauguzi tunayajua macho hayo. Yalinitazama mimi, kisha mlango wa sebuleni, kisha mimi tena.

"Shikamoo, baba," nilisema.

Alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akaunyosha kwangu, vidole vimejikunja kidogo.

"Anakusalimia," alisema mkewe.

"Mama, umemwambia kwamba unaliuza?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Atasemaje?"

Kisha akamwambia mumewe maneno machache kwa Kinyakyusa, lugha ambayo mimi Mhehe siijui. Mzee aliushusha mkono. Akageuzia uso wake ukutani.

Sasa nitasema jambo ambalo nimelizunguka muda mrefu. Kazini kwangu, mgonjwa wa namna hii akiletwa, jambo la kwanza tunalofanya baada ya kumpima ni kumtafutia njia ya kusema ndiyo na hapana. Unamshika mkono mzima, unamwambia: bana mara moja kama ni ndiyo, bana mara mbili kama ni hapana. Unaanza na maswali mepesi ili ujue kama anaelewa. Inachukua dakika tatu. Nimefanya hivyo kwa watu nisioweza kuwahesabu. Nimewafundisha wake zao, nimewafundisha watoto wao, nimewafundisha wauguzi wanafunzi. Na siku ile nilisimama mbele ya mzee aliyeninyooshea mkono wake mwenyewe, na sikuushika.

Sikusahau, na hilo ndilo linalonisumbua. Wazo lilinijia, likasimama mbele yangu waziwazi, na mimi nikaliambia lipite. Nilijua nikimwuliza anaweza kusema hapana. Sauti ya gitaa lile ilikuwa bado kifuani mwangu.

"Asante, baba," nilisema kuuambia mgongo wake. "Nitalitunza."

Nilimlipa mama, nikalala nyumba ya wageni usiku ule, asubuhi nikapanda basi kurudi. Kasha nililipakata njia nzima. Kondakta aliniuliza kama nimebeba maiti ya mtoto, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Nilibadilisha nyuzi, nikasafisha vitufe, na Jumapili iliyofuata nikaenda nalo kanisani. Sina budi kusema kweli, kwaya yetu haijawahi kusikika vile. Mwalimu wa kwaya alisimamisha mazoezi akaja kuinama juu yake, akachungulia kwenye yale matundu kama anayetafuta mtu ndani. Wazee waliokuwa wakisinzia kwenye tangazo la sadaka walikaa wima. Nilisifiwa mpaka nikaona haya. Na kila niliposifiwa, niliiangalia shingo ya gitaa. Dole gumba langu lilikuwa linakaa palepale rangi ilipotoka, kwenye alama ya dole lake.

Hali hiyo iliendelea kama wiki sita. Kisha wodini kwetu aliletwa bibi mmoja kutoka vijiji vya mlimani, kiharusi, hasemi. Binti yake alikuwa analia kwamba mama hataki kula na yeye hajui kosa lake. Nilivuta kiti, nikamshika yule bibi mkono, nikaanza: "Bibi, ukitaka kusema ndiyo, bana mkono wangu mara moja..." Sikumaliza. Niliuachia mkono wake, nikainuka. Muuguzi mwenzangu alidhani naumwa, akachukua kiti changu. Bibi alibana mara mbili kwa kila chakula kilichotajwa, mpaka ilipojulikana kwamba alikuwa na kidonda kinywani. Mimi nilikuwa nimesimama koridoni naangalia ukuta.

Jioni nilimwambia mume wangu kila kitu, na kwamba mama yule hakuwa mjane.

Alikaa akifuta grisi mikononi. "Ungemwuliza akakataa, ungefanyaje?"

"Ningeliacha."

"Ungeliacha kweli?"

Alikuwa hanisemi vibaya, alikuwa anataka kujua, na mimi pia nilikuwa nataka kujua.

Kesho yake nilimpigia yule mama. Nilimwambia nataka kurudisha gitaa, na kwamba sitaki kurudishiwa pesa. Nilitegemea afurahi. Sijui kwa nini nilitegemea hivyo.

"Unarudisha kwa nini? Limeharibika?"

"Halijaharibika, mama. Ni kwamba sikumwuliza baba."

"Sikiliza, binti," alisema, na sauti yake ikawa ndogo na ngumu. "Mimi namgeuza mtu yule usiku na mchana asitoboke vidonda. Mimi namlisha. Nimemnunulia kiti cha magurudumu kutokana na gitaa lake, sasa anaona jua. Wewe umekaa huko Ilula dhamiri inakuwasha, unataka kuja kuniwekea lile dude kwenye kochi langu tena?"

"Samahani, mama."

"Unajua lilichonifanyia? Alikwenda nalo Chunya kwa wiki mbili, kupiga kwenye baa za wachimba dhahabu. Akakaa miaka saba. Miaka saba! Watoto watatu nimewalea kwa viazi. Aliporudi, alirudi nalo limevikwa kitambaa cha hariri, na mimi nilikuwa na viatu vya mpira. Sikuliuza kwa sababu ya shida tu. Nilitaka litoke ndani ya nyumba yangu na yeye anaona."

Nje kulikuwa na basi limesimama na wauza nyanya wanakimbilia madirishani.

Kisha alisema, kwa sauti nyingine, "Huko kwenu mnawaulizaje wasiosema?"

Nilimweleza habari ya kubana mkono. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna aliyeniambia," alisema. "Miezi yote hii hakuna aliyeniambia." Kisha: "Njoo. Njoo umwulize hayo maswali yako. Lakini utamwuliza mimi nikiwepo."

Nilikwenda mwezi uliofuata, na gitaa. Jua lilikuwa linawaka siku ile na mlima ambao mara ya kwanza ulifichwa na ukungu ulionekana wote. Mzee alikuwa uani kwenye kile kiti, amefunikwa shuka magotini, amenyolewa vizuri. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi kwenye beseni. Alinikaribisha bila kuinuka. Mzee aliliona kasha na macho yake hayakuliacha tena.

Nilipiga magoti mbele yake, nikaushika mkono wa kushoto. Sugu za ncha za vidole zilikuwa zimelainika, zimebaki alama tu. Nilimfundisha.

"Baba, wewe ni mwanamke?"

Alibana mara mbili, na upande mzima wa mdomo wake ukacheka.

"Hapa ni Uyole?"

Mara moja.

Mkewe alikuwa ameacha kumenya. Kisu kilikuwa hewani.

"Mama aliniuzia gitaa lako. Alikuambia kabla?"

Mara moja.

"Ulikubali?"

Alibana mara mbili. Akabana tena, na tena, kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu wa hali yake, mpaka pete yangu ikaniuma.

"Amesemaje?" aliuliza mama.

"Amesema hakukubali."

"Najua." Alikitupa kiazi kwenye beseni, maji yakaruka. "Nilijua siku ileile. Sasa na mimi nina swali. Muulize kama mimi nilikubali aende Chunya."

"Mama..."

"Muulize! Wewe si ndiye mwenye maswali?"

Nimeshika mikono ya watu wanaokufa, sijawahi kutamani kuachia mkono kama nilivyotamani pale. Lakini nilikuwa nimejileta mwenyewe.

"Baba," nilisema, "mama anauliza. Siku ulipokwenda Chunya, yeye alikubali?"

Hakubana. Kuku walipita, lori likashuka gia barabarani, na bado hakubana. Nilidhani amechoka, au ameamua kutojibu, kama alivyokuwa na haki. Alikuwa anamwangalia mkewe, siyo mimi. Kisha vidole vyake vikakaza polepole. Mara moja. Nikasubiri. Mara ya pili.

"Amesema hukukubali," nilimwambia mama.

Alichukua pindo la kitenge akajifunika uso wote, akabaki hivyo, mabega yakitikisika. Hakuna sauti iliyotoka. Mzee alitoa ile sauti yake ya maji, mara kadhaa, na mimi katikati yao nilikuwa kama mtu aliyefungua mlango wa choo na kumkuta mwenzake.

Nikafanya kosa jingine. Nilifikiri muziki utasaidia. Nilifungua kasha, nikamlazia gitaa mapajani, nikauweka mkono wake wa kushoto shingoni. Mkono huo ndio uliokuwa ukibana nyuzi miaka yote, na ulikuwa mzima. Mimi ningemkwangulia kwa upande wa kulia. Nilikuwa nimeiwaza picha hiyo njia nzima kutoka Iringa, na nakiri niliipenda. Vidole vyake vilipanda vyenyewe mahali pake, bila kutafuta. Nilipiga. Nyuzi zilitoa sauti ya kijiti kwenye bati. Kubana mkono wa mtu aliweza, lakini kila kidole peke yake hakikuwa na nguvu ya kuzibana nyuzi chini. Alijaribu tena, akauma mdomo, mshipa ukamsimama shingoni. Nilipiga tena, na nyuzi mbili tu zikalia, nyingine zikafa. Alilisukuma gitaa kwa kiganja. Ningelikosa kulidaka lingeanguka kwenye beseni la viazi.

Niliushika tena mkono wake. "Libaki hapa?"

Mara mbili.

"Niende nalo?"

Aliutoa mkono wake kutoka kwenye wangu akauweka chini ya shuka.

Nililirudisha gitaa kwenye kasha lake. Mama alikuwa amejifuta uso. Hakuwa na hasira tena, alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeshusha mzigo na bado hajanyooka mgongo.

"Umeridhika sasa?" aliniuliza. Hakuwa ananikejeli.

"Sijui, mama."

"Chukua gitaa uende. Sisi hapa tuna ya kwetu ya kuongea." Halafu akaja, akasogeza kigoda karibu na kiti cha magurudumu, akaingiza mkono wake chini ya ile shuka, akautafuta wa mumewe. Sikusikia alichouliza. Alimwuliza kwa Kinyakyusa.

Njiani kurudi sikuwa na amani niliyoifuata. Nilikuwa nimekwenda kumpa mzee sauti, au ndivyo nilivyojiambia. Kwa kweli nilikuwa nimekwenda kuchukua msamaha, nikamwonyesha kwa mikono yake mwenyewe kitu asichoweza tena kukifanya, mbele ya mkewe. Hilo silo jambo dogo. Na msamaha sikupewa. Gitaa nilikuwa nalo, na sasa nilikuwa na hakika kabisa kwamba mwenyewe hakukubali.

Wiki chache baadaye mama alinitumia ujumbe akisema nipige kidogo, nirekodi, amsikilizishe. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikaa sebuleni nikapiga ule mdundo wa dansi niliokuwa nimeupiga siku ya kwanza, nikaurudia mara tano mpaka ukawa safi, nikatuma. Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Amesema hapana. Nimemrudia kumwuliza, hapana. Usitume tena." Sikutuma tena.

Ilikuwa mwezi wa nane nilipomwona mama mara ya mwisho mpaka sasa. Alipiga simu akiwa kwenye basi, anakwenda kwa binti yake aliyejifungua Morogoro, na mumewe amemwachia dada yake kwa siku nne. Alisema basi litasimama Ilula. Nilitoka wodini na sare yangu, nikavuka barabara, nikanunua ndoo ndogo ya nyanya, nikakimbia kando ya madirisha mpaka nikaliona sweta lile.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Hizi zimeiva mno, zitafika zimepondeka," alisema, lakini akazipokea.

"Baba anaendeleaje?"

"Anakula mwenyewe sasa, kwa kijiko, kwa kushoto. Maneno hakuna. Lakini hayo maswali yako yamenichosha, nakwambia. Tangu ajue kusema hapana, ni hapana tu. Uji? Hapana. Tutoke juani? Hapana. Mchungaji aje? Hapana. Juzi nilikasirika nikamwuliza, basi unataka niondoke na mimi, nikuache?" Alitazama nyanya zake. "Akanibana mara mbili, vidole vikaniuma mpaka jioni."

Dereva alipiga honi. Wauza vitunguu walikuwa wananisukuma, wananyoosha vikapu juu ya kichwa changu. Nilitaka kumwuliza ni nini mzee anachofikiri juu yangu, lakini nilijua ningekuwa nauliza kwa ajili yangu tena. Naye hakunitajia gitaa. Aliniambia tu nirudi kazini, nitafukuzwa. Basi likaondoka, na mimi nikavuka barabara kurudi wodini, ambako kulikuwa na mama wa kubadilishiwa dripu.

Gitaa ninalo. Nalipiga kila Jumapili, na linasikika vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika. Watu wakiniuliza nimelipata wapi, nawaambia nimelinunua Uyole, kwa mzee mmoja. Wengi huuliza kama bado yu hai. Nawajibu kwamba yu hai, na kwamba hakutaka kuliuza. Wengine hucheka wakidhani natania.